Samli ya Mama Nyanjige

Mimi ni dalali wa nyumba hapa Bariadi, na wateja nawajua: wanataka vigae vinavyong'aa. Mama Nyanjige, mjane kutoka kijiji cha Lingeka aliyeuza ng'ombe ili ahamie karibu na wajukuu, alikuja na kopo la samli iliyoganda, limeviringishwa kitambaa kibichi.

"Asubuhi kila nyumba ni nzuri," alisema. "Tuone mchana."

Kwenye nyumba yangu bora, yenye vigae mpaka ukutani, alifungua kopo, akaliweka mezani na kuketi. Mimi nilisifia dari ya jipsamu huku jasho likinitiririka. Samli ikawa maji.

"Twende," akasema. Nilikasirika kweli!

Kesho yake mchana, kwa hasira tu, nikampeleka kwenye ile iliyonishinda kuuza: matofali ya udongo ulioshindiliwa, hayakuchomwa kwa ukuni hata mmoja, paa limetokeza nje kutia kivuli, madirisha yanapitisha upepo, sola juu, tanki la maji ya mvua pembeni. Aliweka kopo, samli ikiwa imeganda tena usiku, akaketi vilevile. Akachovya kidole. Samli ilikuwa bado imeganda.

Akacheka mpaka machozi. "Nyumba ya nyasi ya mama yangu ilikuwa na ubaridi huu huu. Niliibomoa mwenyewe nikaezeka bati, kijiji kikanipigia vigelegele. Kumbe miaka yote nilikuwa najipika!"

Akainunua.

Mimi nikarudi kwangu, chini ya bati langu jekundu, nikamwomba mke wangu samli ya ugali. Akanimiminia kama chai.