Siku Niliyoitwa Msanii Shambani Kwangu

Mimi shule niliishia darasa la tatu, na sioni haya kuliandika hilo. Kila nilicho nacho nimekitoa ardhini kwa jembe la mkono. Nilipanda huku juu kutoka Wampembe, ziwani, nikiwa kijana asiye na kitu. Shamba hili la mlimani, nje kidogo ya Sumbawanga, wenyeji walinipa huku wanacheka, maana lilikuwa mteremko wa nyasi tupu ambao wao hawakuutaka. Leo wanakuja kuniomba mbegu.

Siku ninayoisimulia ilikuwa karibu na mwisho wa mvua, wakati wa kuinua intumba. Ndivyo Wafipa tunavyoyaita matuta yetu ya mviringo. Unakata nyasi zikiwa mbichi, unazikusanya duara, unazifunika kwa udongo uliougeuza. Zinaoza humo ndani, na hiyo ndiyo mbolea. Mvua ikikatika kabla hujamaliza, ardhi inakuwa ngumu kama sakafu, na mwaka wako umekwenda na maji. Kwa hiyo tunaitana. Mke wangu alipika pombe ya ulezi, nikatangaza, wakaja majirani kama ishirini. Usidhani walifuata pombe tu. Walikuja kwa sababu nikisema ipo, ipo; na nikisema kesho nakuja kwako na jembe, nakuja.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, alikuwa amekuja kutusalimu kwa mara ya kwanza tangu ndoa. Ni mtu wa pwani, anafundisha shule mjini, Katandala. Jembe hatukumpa, mgeni. Akavuka bonde, akakaa upande wa pili anatupiga picha kwa simu. Aliporudi alikuja mbio, na mbele ya watu wote akasema kwa sauti:

"Baba, kumbe wewe ni msanii!"

Majembe yakasimama.

Wewe unayesoma unaweza kucheka. Mimi msanii nilimjua wa aina moja tu: anayekuuzia mbolea yenye mchanga, anayekuahidi leo na kesho simu yake haipatikani. Na kuna jirani yangu, mzee mwenzangu, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika. Hakungoja.

"Haya, mkwe mwenyewe ameshasema! Jamani, nani ameiona hiyo pombe kwa macho yake?"

Wakaangua kicheko. Lakini watu wawili waliweka majembe begani, na hao hawakucheka. Masikio yangu yakawaka moto. Nilikuja huku bila ukoo wala ng'ombe. Jina langu ndilo lililonijazia watu shambani. Likichafuka, mlima ule unabaki nyasi.

"Mama," nikamwambia yule binti, maana mkwe humfokei hata ukiwa umekasirika, "nimemdanganya nani?"

Akashtuka, akapiga magoti palepale kwenye udongo. "Nisamehe, baba, sikuwa na maana hiyo! Nilitaka kusema mtu anayetengeneza kitu kizuri. Tazama mwenyewe."

Akanipa simu. Nikaisogeza mbali na macho yangu ya kizee, ndipo nikaona. Miaka yote nimeliinamia shamba hili, na aliyeinama anaona miguu yake. Sasa niliuona mlima mzima. Matuta yalikuwa yamepangana kama magamba ya samaki, kila moja limekaa katikati ya mawili yaliyo juu yake. Sikuyapanga hivyo yapendeze, niliyapanga maji yasishuke mbio na udongo wangu. Lakini yalipendeza. Mimi si mtu wa kuukataa ukweli eti kwa sababu unanisifu.

Nikaona na kitu ambacho yeye hakukiona.

"Hili la mke wangu," nikamwonyesha. "Anamalizia kwa mgongo wa jembe, ndiyo maana lina kichwa bapa. Haya yaliyolala upande ni ya huyu mwenye mdomo, anatumia mkono wa kushoto. Yale marefu ni ya jirani yetu Msukuma. Alipofika huku na ng'ombe wake hakuijua intumba, sasa anatushinda."

Watu wakasogea, wakaanza kunyang'anyana simu, kila mtu anatafuta mkono wake.

"Langu lile!"

"Lile? Lile limekaa kama kofia iliyokaliwa!"

Nikainua sauti. "Mkwe, rekebisha neno lako. Sema wasanii. Peke yangu leo ningeinua matuta kumi na mgongo ungekatika."

"Wasanii, baba."

"Kwa hiyo sasa matapeli ni sisi sote!" akadakia mzee mwenzangu. "Basi pombe ya matapeli iletwe tuione!"

Nikamwambia mke wangu alete ndoo ya kwanza hapohapo. Kwangu hakuna anayekunywa kabla ya mstari wa mwisho, maana mtu akishakunywa hakosi kisingizio cha kuondoka, lakini siku hiyo walikunywa. Wale wawili wakashusha majembe.

Mkwe akaomba jembe. Akainua tuta moja, jasho linamtoka, likakaa vibaya.

"Nilibomoe, baba, nianze upya?"

"Ni baya," nikamwambia, "lakini ni la kwako. Liache."

Tukaumaliza mlima ule jua lingali juu, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka ghafla kwamba ana ng'ombe wa kwenda kufungua.