Udongo wa Kwetu Ukutani

Nilifunga duka kwa sababu mama alinipigia simu analia, na mama yangu si mtu wa kulia ovyo. Malori ya wajenzi wa jumba jipya la makumbusho, kule juu kuelekea Ngorongoro, yalikuwa yamechota udongo kwenye boma la zamani la babu, kijijini Endamarariek. Baba mdogo ndiye aliyewaruhusu, akifurahi kusawazishiwa kilima. Hakujua, au alisahau, kwamba nyuma ya zizi alizikwa kifungua mimba wa mama, binti aliyefariki kabla ya kubatizwa. Nyumbani hatukuwahi kumzungumzia. "Nataka kujua mwanangu yuko wapi," mama alisema. Nitabisha nini hapo?

Baada ya Mto wa Mbu basi lilipanda ukingo wa bonde likikoroma, na tulipofika Karatu ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati. Mama alikuwa ameshatangulia stendi, kajifunga blanketi juu ya kitenge. "Umechelewa," ndiyo salamu niliyopewa. Tukakodi gari kwenda juu.

Niseme ukweli: mimi nauza saruji na nondo Arusha, na niliposikia jumba zima limejengwa kwa udongo, nilicheka. Jamani, udongo! Lakini tulipofika sikuliona hata hilo jumba. Niliona mteremko wa nyasi, na mlango katikati yake. Wamelizamisha nusu ardhini, paa wakaliotesha majani, kama nyumba za Wairaqw wa zamani waliojificha ndani ya vilima. Mama alilitazama kwa muda. "Wamejenga nyumba ya bibi yangu," akasema, na hakuonekana kufurahi.

Ndani tulipokelewa na Aneth, binti wa Moshi anayetembeza wageni. Alimwamkia mama shikamoo, kisha akaanza maelezo yake: maji ya mvua yanashuka kutoka paani kwenda kwenye tangi chini ya sakafu, mwanga unaingia kwa vidirisha vya juu, hewa inapita kwenye bomba refu lililofukiwa mteremkoni, inapoa humo, halafu inatokea kwenye matundu ya chini ya ukuta. Hakuna feni wala kiyoyozi. Niliisikia ile hewa miguuni, inakuja na kukatika, inakuja na kukatika, kama ya mtu aliyelala. Siku hiyo hapakuwa na wageni wengine.

"Na ukuta huu?" mama akauliza.

"Ni udongo ulioshindiliwa, bibi, tabaka kwa tabaka. Mwekundu ni wa Karatu, wa kijivu ni majivu ya volkano, na huu mweusi..."

"Huu ni wa zizini kwetu." Mama akaweka kiganja. "Una joto."

Niliugusa na mimi. Kwingine kote ukuta ulikuwa wa baridi, ila pale palikuwa na joto kweli. Aneth akasema upande ule hupigwa na jua. Jua lipi, na ukungu wote ule?

Ndipo tukasikia sauti kwenye tundu lililo chini ya tabaka jeusi. Ilikuwa ndogo, fupi, ya mtoto mchanga anayeanza kulia halafu anaacha.

"Mbuzi hao," Aneth alisema haraka. "Hilo bomba linaleta kila kelele ya nje."

Mimi ni mbishi. Nikatoka, nikazunguka hadi kwenye mdomo wa bomba. Nyasi zilikuwa zimelala na umande wake, hakuna hata alama ya kwato. "Hodi! Nani yuko hapo?" Nilijiona mjinga, lakini niliogopa, tena sana, nikarudi mbio.

Nilimkuta mama amechuchumaa pale ukutani, amenipa mgongo. Aneth alikuwa amesogea mbali naye.

"Paulina," mama akaita kwa upole.

Ndilo jina langu. "Abee, mama," nikaitika kutoka mlangoni.

Hakugeuka. "Si wewe," akasema. Akaendelea kuzungumza na ukuta kwa Kiiraqw, kwa sauti ya kubembeleza ambayo sikumbuki kuwahi kuisikia. Nilisimama pale, mtu mzima mwenye watoto, nikaona wivu, halafu nikaona aibu. Maisha yangu yote nilidhani lile jina lilichaguliwa kwa ajili yangu.

"Tumtoe, mama?" nikauliza alipoinuka. "Naweza kuongea na wakubwa wao."

"Umtoe umpeleke wapi? Kule alikuwa peke yake. Hapa watu wanapita." Akajifuta macho, akamgeukia Aneth. "Ukifungua asubuhi, msalimie."

"Nitamsalimia, bibi," alisema Aneth, na hakuwa anatania.

Wakati wa kushuka mama alilala begani kwangu usingizi mzito. Mimi sikuweza. Nilikuwa nikiwaza kwamba saruji ninayouza haina kwao. Naipakia, inakwenda, basi. Udongo una kwao, na anayeuchota hajui anamchukua nani.

Stendi ya Karatu mama alitangulia kushuka. "Paulina!" akaita kutoka nje. Sikuitika mara moja. Nilisubiri kwanza, nisikie kama kuna mwingine atakayeitika.