Raba za Mwanakheri

Mpaka leo mtu akiniambia, "Ulikuwa utani tu, Siwema," namwangalia mara mbili kabla sijamjibu. Utani naujua. Nimezaliwa Mzaramo, nikaolewa na Mzaramo, na tangu nikiwa mdogo nimewaona Wanyamwezi wakiingia msibani kwetu, wakamvua mfiwa kofia, wakajilaza kaburini mpaka wapewe chochote, na sisi tukacheka huku machozi bado yanatutoka. Hiyo ni haki yao, na sisi kwao tunayo hiyo hiyo. Kilichofanyika nyumbani kwangu alfajiri ya Saba Saba mwaka 1980 kilikuwa kitu kingine, na hasira yake haijanitoka.

Mwanakheri alikuwa wifi yangu, mdogo wake mume wangu Adamu. Alizaliwa Kibuta, huko Kisarawe, akaolewa, akaachika kwa sababu hakupata mtoto, akaletwa kwetu, kijiji kilicho mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Mlandizi. Mwaka huo alikuwa na miaka thelathini na miwili. Mtu na wifi yake hawategemewi kupendana, na sisi mwanzoni tulinuniana ipasavyo. Lakini nilikuwa namwona anavyofanya kazi, na kununa kukanishinda.

Adamu alikuwa na shamba la mpunga bondeni Ruvu. Tulipohamishiwa kijijini mwaka 1974 nyumba zilihama, shamba likabaki kulekule. Mpunga ukianza kuiva lazima mtu awe shambani kabla ndege hawajaamka, agonge debe na kupiga kelele mpaka jioni. Kazi hiyo ya kuamia ndege Adamu alimpa dada yake. Kila msimu Mwanakheri aliamka gizani, akajifunga kanga kiunoni, akakimbia. Hakutembea, kwa sababu ukitembea ndege wanakutangulia. Jioni alikimbia tena kurudi ili akute mwanga wa kupikia. Miaka sita. Na Adamu, wageni wakija, alikuwa anasema, "Huyu mdogo wangu nimemweka tu, anakula na kulala." Alisema hivyo huku anakula wali wa shamba lile.

Basi mwaka ule zikatangazwa mbio za Saba Saba za kilomita ishirini na moja, kutoka nje kidogo ya Mlandizi, kupitia Misugusugu, mpaka uwanjani Kibaha. Zingeanza saa kumi na mbili kamili asubuhi, kabla malori ya Morogoro hayajajaa barabarani. Kiwanda kimoja pale Kibaha kilikuwa kinaunda timu ya riadha, na meneja wake akatangaza kwamba watu kumi wa kwanza, mwanamume au mwanamke, watapata ajira, na asiye na makao atapewa chumba. Mwanakheri alilisikia neno hilo chumba, akaacha kupepeta mchele. Alikuwa hajawahi kulala mahali ambapo hakuna mtu wa kumwambia amka.

Alikwenda Mlandizi mwenyewe kujiandikisha. Katibu wa mbio, kijana mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni, akamwambia wanawake wameandaliwa mbio zao za kubeba ndimu kwenye kijiko.

"Ndimu nitakamulia mchuzi," Mwanakheri akamjibu. "Mimi niandike za kilomita ishirini na moja."

Akamwandika. Akampa kitambaa chenye namba 47 na karatasi ya masharti. Masharti yalikuwa mawili: namba kifuani, viatu miguuni. Mwaka uliotangulia watu walikatwa na chupa barabarani, kwa hiyo asiye na viatu hakimbii.

Viatu hivyo, yaani raba, ndivyo vilivyotutoa jasho. Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Mwanakheri alikaa siku tatu mbele ya duka la ushirika, na zamu yake ilipofika zilikuwa zimebaki za kiume tu, kubwa. Akazichukua, akajaza vitambaa mbele. Mimi nilimshonea suruali ya kaniki iliyovuka magoti, kwa sababu Adamu alikuwa amekwisha kusema mara kumi kwamba dada yake hatapita barabara kuu mapaja nje, watu wa msikitini watamwonaje. Nilipomwonyesha Adamu suruali aliigeuzageuza, akanirudishia. Wiki nzima hakulirudia neno lile, tena akawa mpole, akawa anamuuliza dada yake amelalaje. Na mimi mpumbavu nikafurahi.

Tulijiandaa kwa akili zetu, hakukuwa na mwalimu. Tulijaribu uji wa mchele saa kumi alfajiri, akakimbia, akashikwa na kichomi njiani. Tukajaribu viazi vitamu usiku na chai ya rangi alfajiri, kichomi kikaisha. Mafuta ya nazi alijipaka mapajani ili kaniki isimchubue. Alijifunza kumeza maji kidogo kidogo huku anakimbia, mimi nikimsubiri njiani na kopo. Jioni ya tarehe sita tulishona namba kifuani mwa blauzi, tukazifunga raba kwenye kanga, tukaziweka juu ya mtungi, mahali ambapo mtu hawezi kuzisahau.

Saa kumi alfajiri nikawasha koroboi. Juu ya mtungi hakukuwa na kitu.

Tulitafuta uvunguni, jikoni, kwenye matenga. Mwanakheri alikuwa anainua kitu na kukirudisha, anainua kingine. Adamu akasema kutoka kitandani, kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa, "Mumuulize Maneno. Jana nilimwona anapita uani."

Maneno alikuwa mtani wetu, Mnyamwezi aliyekuja zamani kukata mkonge akazeeka kwetu, anakaa mwisho wa kijiji. Tulikwenda karibu na kukimbia. Akatoka amejifunga shuka, anacheka kabla hatujabisha hodi.

"Nimewakamata, Wazaramo. Raba ziko juu ya dari. Leteni jogoo."

Hapo ndipo penye ubaya wake. Mtani hagombezwi. Ukimkasirikia mtani umewaaibisha wazee wako wote, na watu watakutoza faini. Unacheka, unatafuta cha kugombolea, unamalizana naye. Mwanakheri akacheka. Nilimsikia akicheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko kama angelia.

Tukarudi mbio kwa Adamu. Jogoo tulikuwa naye mmoja tu, wa Adamu.

"Jogoo ni wangu," akasema. Sasa alikuwa amekaa kitandani, amejifunika mpaka kifuani. "Raba si zangu. Utani ni wenu na Maneno, malizaneni wenyewe."

"Saa zinakwenda, Adamu," nikamwambia.

"Mimi ndiye ninayezisukuma?"

Nikafungua sanduku langu, nikatoa doti ya kanga ambayo nilikuwa sijaikata, nikamshika wifi yangu mkono, tukatoka tena. Waadhini walikuwa wameanza.

Maneno alizipokea zile kanga akazitazama. "Mnyamwezi nivae kanga? Haya, nimekubali, nitamwozeshea mjukuu. Lakini haraka ya nini, Wazaramo? Mbio si saa mbili?"

"Nani kakwambia saa mbili?" Mwanakheri akauliza.

"Adamu. Jana magharibi, aliponiletea raba. Akasema niwacheleweshe mpaka jua litoke ndipo niwape, tucheke wote."

Hakuna aliyecheka. Maneno alitutazama mmoja mmoja, na nadhani katika mwanga ule mdogo alianza kuelewa kwa nini mwanamke mzima amesimama mbele yake na namba kifuani, anahema.

"Zinaanza saa kumi na mbili," nikamwambia. "Wenye kufika mapema wanapata kazi. Sasa ni karibu saa kumi na moja na nusu."

Mzee yule alipanda juu ya kinu, akazitoa raba darini, akamkabidhi Mwanakheri kwa mikono miwili. Na zile kanga akanirudishia. Alikuwa amekasirika, na hasira yenyewe ilikuwa ya kujikasirikia. "Nimekosa," akasema. "Mtani anachukua mwenyewe. Mimi nimeletewa, nikapokea, kama mtu wa kutumwa."

Akatutangulia kwenda kwetu. Ukutani kwa nje kulikuwa na baiskeli ya Adamu, ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa hata kuifuta vumbi. Maneno akaishika usukani, akaigeuza. Adamu alitoka mlangoni amejifunga msuli.

"Unakwenda wapi na baiskeli yangu?"

"Hii nimeichukua mwenyewe," Maneno akamwambia. "Ukiitaka, utaigomboa. Kasirika basi, nikuone."

Adamu akakaza fundo la msuli. Majirani walikuwa wameanza kutoka kwenda msikitini, wanatazama. Mwanakheri akapanda karia, raba mapajani, na yule mzee wa miaka sitini na kitu akaanza kukanyaga gizani kuelekea Mlandizi.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Maneno. Njia ilikuwa ya mchanga, mara mbili iliwabidi kushuka na kukokota. Walipofika barabarani ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nane. Palikuwa na meza tu, na yule katibu mwenye kalamu mbili anakunja karatasi zake. Mwanakheri alikaa chini katikati ya barabara, akafunga kamba za raba bila haraka, maana ukifunga vibaya utasimama tena njiani. Akainuka, akamwambia katibu, "Arobaini na saba," akaondoka.

Maneno alimfuata na baiskeli mwendo wote. Aliniambia mpaka Misugusugu hawakuona hata mgongo wa mtu, barabara tupu, ukungu na magunia ya mkaa. Halafu wakaanza kuonekana: kwanza waliochoka wanatembea wamejishika viuno, halafu waliokuwa bado wanakimbia. Mwanakheri alikuwa anawapita bila kuwatazama. Maneno alihesabu kwa sauti kila aliyepitwa, mpaka Mwanakheri akamwambia anyamaze, anamharibia pumzi. Walikuwa wamejiandikisha watu sitini na watatu.

Alimaliza wa kumi na moja.

Wa kumi alikuwa mbele yake kwa urefu wa nyumba, kijana mmoja mwanafunzi. Meneja wa kiwanda alikuwa amekwisha kuandika majina yake kumi na kufunga daftari. Maneno alimwendea, akamweleza kwamba huyu mama ameanza dakika kumi na nane nyuma ya wote, ahesabu mwenyewe angekuwa wa ngapi. Meneja alisikiliza kwa adabu. Akasema hilo ni jambo la ajabu sana, na kwamba mwakani ajitahidi kuwahi.

Kuwahi. Mtu ambaye kwa miaka sita aliwahi kuliko ndege, anaambiwa ajitahidi kuwahi. Maneno aliponisimulia hapo nilishindwa kukaa, nikainuka nikazunguka uani.

Walirudi alasiri, wote wawili wanatembea, Maneno anakokota baiskeli. Mwanakheri alikuwa amezivua raba, kidole gumba kimoja kilikuwa kimepasuka kwa sababu ya vile vitambaa. Adamu alikuwa kibarazani na wageni wawili wa msikitini. Alikwisha kupata habari, Mlandizi habari haikai. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sikuwa nimezungumza naye tangu asubuhi. Chakula nilimwekea chini nikaondoka.

Alicheka, kicheko kirefu cha kuwaalika wenzake. "Leo mtani amekuweza, Mwanakheri. Pole sana. Lakini usinune, ulikuwa utani tu."

Wageni wakatabasamu, wakasubiri naye acheke, kama inavyopasa. Mwanakheri alisimama chini ya kibaraza. Hakupandisha sauti, na wale wageni iliwabidi wainame kidogo ili wamsikie.

"Mtani wangu ni Maneno," akasema. "Kwake nimekatazwa kukasirika, na sijamkasirikia. Wewe ni kaka yangu. Kwako sijakatazwa na mtu."

Akanipita mlangoni, akaingia chumba alichokuwa analala na watoto wetu, akaanza kukunja nguo zake. Hazikuwa nyingi. Adamu alinitazama mimi sasa, bado na ule mdomo wa kucheka, akingoja niseme neno la kulifanya jambo liwe dogo. Nikaingia ndani, nikafungua sanduku, nikazitoa zile kanga zangu nikamfungia wifi yangu mzigo wake.