Jiwe Alilofulia

Mke wangu alifulia kwenye jiwe moja ziwani, chini ya kibanja chetu cha migomba, huku Muleba. Mawe yote ya pale yamevaa utando wa kijani. Jua likiwaka, utando hutoa mapovu madogo. Maji yakipungua, hukauka na kujikunja kama ngozi juu ya maziwa yaliyochemka, ukadhani umekufa. Wimbi likirudi, unateleza tena. Jiwe lake tu ndilo lilikuwa na sehemu nyeupe, upana wa ungo.

Alipofariki tulimzika migombani, nyuma ya nyumba. Siku za msiba hakuna aliyelima wala kufua. Watu walipoondoka nilishuka kuchota maji, nikakuta ile sehemu nyeupe imeanza kuwa ya kijani pembeni. Niliitazama mpaka ndoo yangu ikachukuliwa na maji.

Kesho yake nilienda na mchanga na majani makavu ya mgomba, nikasugua. Utando ulirudi. Nikasugua tena, siku baada ya siku, mpaka vidole vikachubuka. Niliona pale pakifunikwa, sitakuwa na mahali pengine pa kuona kazi ya mikono yake.

Wanawake waliokuwa wakifua walicheka chinichini. Mmoja aliuliza kwa Kihaya kama nimeshalipeleka jiwe lile kwa padri tufunge ndoa. Mdogo wa marehemu hakucheka. Aliweka beseni lake chini, akanitazama nikisugua.

"Shemeji," akasema, "dada hakuwahi kusugua jiwe. Alikuwa anafua nguo zako."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Miaka yote nilirudi kutoka shambani na madoa ya utomvu wa ndizi, nikavua shati, nikaliacha juu ya kiti. Utomvu hautoki kirahisi.

Sasa nafua mwenyewe. Wanawake wamenizoea, wanasogea kidogo nipate nafasi, na hawanitanii tena, afadhali wangenitania. Lakini nguo zangu ni chache, na tangu niwe peke yangu nakata ndizi za kula tu, madoa yamepungua. Sehemu nyeupe imebaki upana wa sahani. Nikigusa pembeni yake pana joto la jua, pananata na kuteleza.

Juzi nilimaliza kufua mapema. Nililitazama shati, lilikuwa limetakata. Nikalilowesha tena, nikaendelea kulisugua palepale.