Nyama Bila Mchinjaji

Alhamisi, 19 Septemba 2024. Jua kali na upepo wa vumbi kutoka machimboni. Jioni mawingu yalikusanyika upande wa Ushirombo, lakini mvua haikunyesha.

Swaumu, mama lishe wa wachimbaji wadogo wa dhahabu, alikuwa akigawa chakula. Kibanda anachopikia ni cha Masalu, mwenye bucha. Makubaliano yao ni ya mdomo: Swaumu hupata jiko na chumba cha nyuma anacholala na mwanawe Kudra, na nyama hununua kwa Masalu tu. Tangu mumewe afukiwe na kifusi, hana pengine pa kwenda.

Televisheni ya kibandani ilionyesha tamthilia ya upelelezi. Mwenye hoteli alikuwa amekutwa amekufa stoo, na mpelelezi alikuwa akimhoji muuza nyama wake.

"Ng'ombe huyu nani alimchinja?"

Muuza nyama akababaika. Enock, mchimbaji mwenye maneno mengi, akainua mnofu wake.

"Mama Kudra, na huyu wako alichinjwa, au alijifia kwa mawazo?"

"Kula wewe, usije ukajifia kwa njaa!"

Wakaangua kicheko, na Masalu, aliyeketi nao mezani, kuliko wote. Cha Swaumu kilikatika katikati. Hapa ng'ombe wa bucha huchinjwa na Mwislamu, ili kila mtu ale bila wasiwasi, na mchinjaji wa Masalu ni mzee Akida. Akida alikuwa msibani Tinde tangu Jumapili, na hakuna mwingine aliyeitwa. Hata hivyo nyama ilikuja kila siku, nyeusi, damu imegandia ndani. Swaumu alidhani ni joto. Sasa aliwatazama Waislamu wenzake wakilamba vidole. Yeye mwenyewe alikuwa ameila mchana.

Masalu alipoingia jikoni kuchukua maji, Swaumu akamuuliza taratibu, "Baba, ng'ombe wa wiki hii kachinja nani?"

"Mayu, mama yangu, nawe umeanza upelelezi?" Alitabasamu. "Kuna mtu wa Kahama anakitaka sana kibanda hiki. Ukipachoka, sema tu."

Akaenda kuketi mlangoni, kwenye mlango pekee wa kibanda. Nyuma ya pazia Kudra alikuwa akikohoa usingizini. Swaumu akaendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata.

Asubuhi Masalu alileta nyama akaitua mezani. Swaumu aliifunika kwa beseni, akabandika maharage. Enock alipoagiza ugali nyama, Swaumu alimjibu, huku Masalu akiwa palepale anasikia:

"Haikuchinjwa. Leo ni maharage."