Siku Nilipofuta Majibu ya Akina Mama

Jamani, mkiniona leo naitwa mhadhiri, nimevaa koti na kufundisha vijana historia hapa Iringa, msidhani nilizaliwa na akili hizi, kwa sababu kuna siku niliaibika mbele ya parokia nzima mpaka nikatamani ardhi ipasuke niingie, na aibu yenyewe wala sikusingiziwa na mtu, niliipika kwa mikono yangu miwili, nikaipakua, halafu nikaalika na wageni waje kuila.

Mimi ni mtu wa Mbalizi. Nimelitumikia jeshi miaka ishirini na mbili, na msije mkafikiria mizinga, nilikuwa mtu wa stoo (ndiyo, mablanketi na mabuti, na usajini wangu niliupata humo humo). Nilipostaafu wenzangu walifungua maduka ya saruji na bati, na mke wangu akaanza kunionyesha fremu za duka za kupanga, mimi nikamwambia nataka kwenda kusoma historia. Akaniangalia weee, kisha akasema, "Baba Tumaini, sasa hiyo historia si ndiyo wewe mwenyewe?" Nikaenda hivyo hivyo. Darasani vijana waliniita Afande, na msimamizi wangu wa shahada ya pili, Dokta Neema, hakupishana sana umri na binti yangu wa kwanza.

Utafiti wangu ulihusu barua ambazo askari wa vita vya Kagera walituma nyumbani. Kuna parokia moja ya milimani, ukiipita Tosamaganga (jina naliacha, wamenivumilia vya kutosha), ambapo paroko alipobadilisha bati la ofisi ya zamani alikuta darini sanduku limejaa barua hizo. Enzi zile askari waliandika kwa anwani ya parokia, na katekista, Mzee Kihwele, ndiye aliyewasomea akina mama wasiojua kusoma. Mama akishasikiliza anasema jibu lake, katekista analidaka haraka haraka kwa penseli nyuma ya bahasha ile ile, halafu baadaye anakaa analinakili vizuri kwa kalamu na kulituma, bahasha inabaki ofisini. Haya nayajua leo. Siku ile sikuyajua, kwa sababu Dokta aliniambia kabisa, "Mzee Mwakyoma, kabla hujagusa kitu, kaonane na Mzee Kihwele," nami nikajisemea moyoni, mzee hakimbii, ngoja nianze na kazi. Basi kaamri hako kadogo nilikokapuuza ndiko kaliniponza.

Nilipofungua sanduku, loo! Vumbi, mavi ya panya, bahasha zimepangwa hovyo, na nyuma ya kila bahasha kuna michoro ya penseli. Nikajaribu kusoma miwili mitatu, nikaona ni Kihehe kilichoandikwa kama kuku kapita, tena kwa vifupisho, na mimi Mnyakyusa Kihehe changu kinaishia kwenye salamu ya "kamwene". Sasa mjue kule stoo leja, daftari la mali, ni wino, ukikuta penseli kwenye leja basi kuna mtu anataka kuiba. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Nikaona hapa kuna mtu alikuwa anafanyia hesabu zake za nyanya kwenye barua za mashujaa, nikakasirika kweli kweli, nikateremka dukani nikanunua raba za kufutia.

Nikasema nafuta hii moja tu. Ilipotoka safi nikaona nyingine inaonekana chafu zaidi, nikafuta na hiyo, na ya tatu, na siku ya pili nikarudi na raba nyingine, nafuta huku napiga mluzi (Mungu anisamehe, napiga mluzi!), na kwa nguvu, maana askari hafuti nusu nusu. Siku nne. Nilipomaliza nikazifunga kwa kamba mafungu mafungu, zimenyooka kama blanketi za kwenye ukaguzi, nikazitazama nikajiona mimi ndiye mwanahistoria mwenyewe.

Kama ningeishia hapo ingekuwa afadhali, lakini sifa zinaua. Nikampigia Dokta aje aone, akaja na wanafunzi wenzangu kumi. Nikamwomba paroko atangaze kwenye Misa, akatangaza kwamba kila mwenye ndugu aliyeandika barua toka vitani aje Jumamosi. Wakaja. Viti vikajaa, akina mama wakapika wali, na Mzee Kihwele mwenyewe akaletwa na mjukuu wake kwa bodaboda, mkongojo mkononi. Mimi nikasimama mbele, kifua nje, nikasema, "Nyaraka zote zimesafishwa na kupangwa!" Wakanipigia makofi. Nikapokea.

Akasimama mama mmoja, Bibi Agatha. Akasema kaka yake Fidelis alikwenda vitani hakurudi, na barua yake ya mwisho ilipofika yeye Agatha alikuwa Mufindi anachuma chai. Mama yao alijibu barua ile kwa Mzee Kihwele, lakini kabla jibu halijatumwa ikaja habari ya kifo, na toka siku ile mpaka anaingia kaburini mama hakulitaja tena. "Miaka yote hii sijui mama alimwambia nini mwanawe," akasema. "Mzee Kihwele, nisomee."

Nikaichomoa bahasha ya Fidelis upesi (mpangilio wangu ulikuwa mzuri, hilo siwezi kulikana), nikampa mzee kwa mikono miwili. Akavaa miwani. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akaipeleka karibu na jicho.

"Mbona hamna kitu?"

Na mimi, jamani, mimi bado nilikuwa natabasamu. Nikajibu kwa sauti ya paredi, "Ilikuwa imechafuka na penseli, mzee, nimezifuta zote!"

Dokta Neema akainuka taratibu. "Umefuta nini, Mzee Mwakyoma?" Kijana mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Afande, leo umeyakanyaga." Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, na jasho likanitoka kwenye baridi ile ya milimani.

Nikainyakua bahasha nikatoka nayo nje mbio, nikailaza mkononi kwenye jua, naitazama kwa ubavu labda alama ya penseli imebaki, parokia nzima ikanifuata, na mimi mtu mzima nimepiga magoti kwenye nyasi nageuza bahasha kama mtu anayetafuta sindano. Hakuna. Nilifuta vizuri mno. Nikarudi kwa mzee, nikamwambia, "Baba, wewe uliandika. Mwambie tu ulichoandika."

Mzee Kihwele akavua miwani, akasema polepole, "Mwanangu, mimi niliandika ili nipate kusahau. Akina mama walikuwa wengi. Mtu mmoja asingeweza kubeba maneno yao yote kichwani akalala usingizi." Akamgeukia Bibi Agatha. "Agatha, nimesahau. Nisamehe."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha, mnasikia? Nililia pale pale, nalia mbele ya wanafunzi na wapishi, wala sikujali. Bibi Agatha hakunitukana. Aliuliza kama na mimi nilikuwa askari, nikasema ndiyo, akasema, "Basi kaa ule, chakula kinapoa," na huo wali nilioumeza siku ile naukumbuka kuliko karamu zote za maisha yangu.

Nilimwambia Dokta naacha masomo narudi Mbalizi kupanga fremu. Akakataa. "Ukiondoka nani ataandika kwamba kulikuwa na maneno pale?" akasema, na akanilazimisha kuorodhesha kila bahasha kwenye tasnifu, na mbele ya kila moja niandike kwa jina langu nilichokifanya. Nilipoitetea tasnifu mtahini alinitaka nisome orodha ile kwa sauti, yote, na nikaisoma.

Nilipohitimu nilimpelekea Bibi Agatha nakala. Akaniambia nimsomee ukurasa wa kaka yake. Nikasoma barua ya Fidelis, kwamba huko mvua ni nyingi, kwamba ng'ombe mwekundu asiuzwe, kwamba anasubiri jibu. Chini yake nikasoma, "Jibu la mama lilikuwa nyuma ya bahasha. Limefutwa na mtafiti."

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia. Nikamwapia kwamba maishani mwangu sitagusa tena karatasi ya mtu kabla sijakaa chini nikamsikiliza aliyeiandika, hata kama itanichukua mwaka mzima. Sidhani kama alikuwa ananisikiliza. Alikuwa ameweka kiganja chake juu ya ule ukurasa.

"Haya," akasema. "Angalau sasa imeandikwa kwamba mama alimjibu."