Sura za Dada

Fundi Herufi hakupewa jina hilo kwa kuokota. Mpe ubao wa futi nane na brashi moja, atakuandikia BUCHA YA KISASA kwa herufi zilizonyooka utadhani zimepigwa rula, na rula yenyewe hajaigusa. Ila sura ya mtu ilimtoa jasho. Akijaribu kuchora kichwa, hutoka kiazi chenye masikio. Sura zote za mabango ya karakana yao zilichorwa na dada yake mkubwa, mwanamke wa maneno machache, mtumiaji wa mkono wa kushoto, ambaye ndiye aliyemshikisha brashi tangu wangali wadogo. Mtaa mzima ulijua hivyo. Lakini chini pembeni, mahali pa sahihi, palikuwa na jina moja tu, Herufi, kwa kuwa kuandika ndiko kulikuwa kazi yake.

Kwa hiyo mwaliko wa mkutano wa watu wa sanaa ulipokuja, ulikuja kwa jina hilo. Mpita njia mmoja alikuwa amelipiga picha bango la kinyozi, picha ikafika kwa wakubwa wa mkutano huo. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja.

"Nenda wewe," dada alisema, akisuuza brashi kwenye kopo la mafuta ya taa. "Mimi na watu wengi hatuivi chungu kimoja."

"Nikawaambie nini sasa?"

"Utakachotaka. Ila wakiulizia sura, waambie ni za dada yako. Hilo tu."

"Dada, hilo nalo ni la kuniambia?"

Herufi aliudhika kidogo, na wakati ule alikuwa anamaanisha.

Akavaa suti yake ya harusi, ambayo kifungo cha tumboni kilishaanza kulalamika, akaenda. Walimvisha beji shingoni, kisha wakamsahau. Ukumbini watu walikumbatiana kama ndugu waliopotezana. Yeye alisoma bango la jukwaani, akaona herufi ya mwisho imekaa upande, akakosa wa kumwambia. Alikunywa vikombe vinne vya chai, si kwa kiu, ila mikono ipate shughuli. Bwana mmoja mwenye skafu alimsogelea na kumuuliza, "Na wewe dhana yako ni ipi?" Akajibu, "Mabango." Yule bwana akainamisha kichwa kwa heshima, akaenda zake.

Mchana walianza kuonyesha picha ukutani. Likaja lile bango la kinyozi, kubwa kuliko mlango wa karakana. Mama mmoja, mwenye jumba la maonyesho, akalisogelea, halafu akageuka.

"Tazameni haya macho," alisema. "Na mistari ya nywele inavyolalia huku. Huyu anachora kwa kushoto. Aliyechora sura hizi yupo hapa?"

Jibu Herufi alikuwa nalo, amelibeba kutoka nyumbani. Akasimama.

"Ni mimi," akasema.

Ukimuuliza leo atakwambia ulimi uliteleza. Haukuteleza. Tangu asubuhi hakuna aliyemtazama usoni, na sasa ukumbi mzima ulikuwa umemgeukia, ukipiga makofi. Alitaka makofi yale yadumu kidogo tu, kisha aseme ukweli.

Hakusema. Yule mama alimletea kitabu cha wageni atie sahihi. Herufi akaishika kalamu kwa kulia, akakumbuka, akaihamishia kushoto. Mtu ambaye maisha yake yote amekula kwa mwandiko wake akaandika jina lake kama mtoto wa darasa la kwanza. Mama akacheka, akasema wachoraji na mwandiko ni mbalimbali, na mtu wa gazeti akapiga picha. Jioni Herufi alimwona mama huyo akishuka ngazi peke yake. Angeweza kumwita. Aliangalia viatu vyake mpaka gari likaondoka.

Nyumbani dada aliuliza swali moja. "Waliulizia sura?"

"Hawakufika huko."

Siku ya tatu kinyozi akaja kuagiza bango jipya, gazeti kwapani. "Fundi, umetoka gazetini," akasema, akalikunjua juu ya meza. "Ila nisaidie. Tangu lini wewe umekuwa wa kushoto?"

Dada akalivuta karibu. Akasoma na maneno ya chini ya picha, midomo ikicheza taratibu. Kisha akalikunja vizuri, akamrudishia mwenyewe, akauliza bango linatakiwa lini.

Kesho yake alichora vichwa vitatu vya bango hilo: nywele, masikio, pua, midomo. Halafu akaifuta brashi na kumpa mdogo wake.

"Macho malizia wewe."

"Dada, unajua mimi macho siyawezi."

"Gazeti linasema unayaweza."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Akaingia ndani, akamwacha na wale watu watatu wasioona. Herufi alinyanyua brashi, akaishusha. Mwishowe akafanya alichokiweza. Akapiga magoti, akafuta jina lake, alilokuwa ameshaliandika pembeni, akaandika la dada yake, polepole, herufi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika.

Dada alipotoka akainama kusoma.

"Umeandika vizuri," akasema. "Ila hapa mtaani nani alikuwa hajui?"

Akaichukua brashi kwa mkono wake wa kushoto, akamalizia macho, maana kinyozi alikuwa njiani, na kinyozi huyo hakuwa amemkosea mtu.